Shokomzoba za Gari la Mzee Kalinga

Sajini Asukile aliweka viganja vyake viwili juu ya buti la gari, akalikandamiza kwa uzito wake wote, kisha akaliachia ghafla. Gari likainuka, likashuka, likainuka tena, likaendelea kubembea kama kitanda cha kamba kilichorukiwa na watoto. Akazunguka mbele, akafanya vilevile kwenye boneti. Mbele kuliinama kidogo tu, kukainuka mara moja, kukatulia tuli.

Akarudi nyuma na kukandamiza tena. Nyuma kukabembea tena.

"Unanunua?" aliuliza Mzee Bartholomeo Kalinga kutoka barazani kwake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa, mwenye mashine ya kusaga na malori matatu hapo Mlandege, na gari hili jeusi la kutembelea ambalo mji mzima wa Iringa ulilijua kwa mlio wa honi yake. "Maana kama hununui, Bwana Sajini, mikono yako inaniachia alama kwenye rangi."

"Gari zuri, mzee," alisema Asukile. "Limeoshwa vizuri."

"Sipendi uchafu."

"Na taa ya kushoto ni mpya."

"Tuligonga swala kule Usangu. Bonde lile lina wanyama kuliko watu. Kama ni kosa kutokuja kuripoti swala, basi nifunge."

Koplo Eliezeri wa kituo cha Iringa, aliyepewa kazi ya kumwongoza mgeni huyu kutoka Mbeya, alicheka kidogo kwa adabu. Asukile hakucheka. Alikuwa amesafiri siku nzima juu ya lori la mbao na mbavu zilikuwa bado zinamuuma. Zaidi ya hayo, tangu wiki iliyopita kulikuwa na maiti moja iliyomkalia moyoni, haitaki kutoka.

Maiti hiyo waliikuta wanawake wa Inyala waliokuwa wanakwenda kupalilia viazi asubuhi, ukungu bado umelala barabarani. Mtu mzima, amelazwa chali juu ya majani, macho yamefumbwa, mikono imepangwa kifuani. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika, na mtu fulani alikuwa ameunyoosha kwa fito mbili na kuufunga kwa vipande vya tyubu ya tairi. Majani aliyolalia hayakuwa na damu. Miguuni alikuwa na tope jeusi la majaruba ya mpunga, tope ambalo vilima vya Inyala havina hata kiganja kimoja. Hapo hapo Asukile akajua kwamba mtu huyu alitoka bondeni, ameletwa kwa gari.

Haikuchukua muda kujua jina lake. Aliitwa Fanueli, mkulima wa mpunga wa Ubaruku, Mnyakyusa aliyehamia Usangu kufuata ardhi kama wengi wa wakati ule. Mkewe, Tupokigwe, alikuja Mbeya, akaitazama maiti, kisha akaushika ule mguu uliofungwa.

"Tata," alimwambia Asukile kwa Kinyakyusa, "aliyemfunga hivi alikuwa anamhurumia. Sasa mbona kamtupa?"

Swali lile ndilo lililompandisha lori. Chini ya Igawa, barabarani, aliokota vioo vya taa. Chimala, Mbulushi mmoja mwenye duka la petroli alimweleza kwamba alasiri ya kuamkia siku maiti ilipoonekana, mvua ikinyesha, lilipita gari jeusi kutoka upande wa Iringa. Lilikwenda polepole kama la msiba, alisema, na ndani yake mtu mmoja mnene alikuwa anapiga kelele huku akigonga dashibodi kwa ngumi. Mbulushi alidhani ni walevi. Gari jeusi kubwa la Mwafrika, kati ya Iringa na Mbeya, mwaka ule wa hamsini na saba, halikuwa jambo la kutafuta sana. Lilikuwa moja.

Asukile akavua koti la kiraia, akamkabidhi Koplo Eliezeri, akalala chali juu ya mchanga na kujisukuma chini ya gari.

"Anatafuta nini huko?" Kalinga aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua unene.

"Hata mimi sijui, mzee," alisema Koplo.

Shokomzoba za gari lile zilikuwa za kikono: kopo la chuma lililojaa oili, limefungwa kwenye fremu, na mkono wake umeshika ekseli. Ubavuni mwa kila kopo kulikuwa na skrubu ya kurekebishia. Ukiikaza, oili ndani hupita kwa shida na gari huwa gumu. Ukiilegeza, oili hupita kwa raha na gari huwa laini. Asukile aliyajua haya kwa sababu miaka ya vita alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza, na huko Burma alipewa gari la majeruhi. Alitazama skrubu za mbele. Zilikuwa zimekazwa karibu na mwisho, safi, mfereji wa katikati umesimama sawasawa. Akajikokota hadi nyuma.

Skrubu za nyuma zilikuwa zimelegezwa zote mbili hadi pasipo na pa kulegeza tena. Mifereji yake ilikuwa imetafunwa, kingo zimemenyeka na kung'aa. Aliyezizungusha hakutumia bisibisi. Alitumia ncha ya kisu. Na kulizunguka kila kopo kulikuwa na tope limepakazwa na vidole vya mtu mwenye haraka. Limekauka, lakini ukilisugua bado linaonyesha rangi yake. Tope la Iringa ni jekundu. Hili lilikuwa jeusi.

Akatoka, akajipangusa.

"Nyuma umelegeza, mbele umekaza. Kwa nini, mzee?"

Kalinga alikuwa ameshajiandaa. "Mke wangu ni mjamzito. Nilimwambia dereva alegeze nyuma, mama asitikisike. Hilo nalo ni kosa la serikali?"

"Hapana," alisema Asukile. "Hilo ni jambo jema."

Akachukua koti lake, akaaga.

Nje ya ua Koplo Eliezeri alimtazama kwa jicho la mtu anayeogopa kuambiwa mkubwa wa mji wake ni mhalifu. "Umeridhika, afande?"

"Nipeleke kwa fundi wake."

Fundi wa Kalinga aliitwa Didas. Gereji yake ilikuwa ubavu wa nyumba iliyoezekwa debe, lakini mwenyewe alivaa tai ndani ya ovaroli na nywele zake zilikuwa zimechanwa njia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na wa kujipenda, na alipoulizwa kuhusu gari la Kalinga alisimama kama anayepigwa picha.

"Ile gari ni mimi naishika, hakuna mwingine. Taa nimeweka mimi. Mzee alisema swala. Mimi kazi yangu siyo kuuliza swala alikuwa dume au jike."

"Na shokomzoba?"

"Kabla ya hiyo safari nilizikaza zote nne. Mzee mwenyewe alitaka. Nikamwambia, mzee, shokomzoba ni kama chumvi. Ukikaza sana, gari inashika barabara, kona unaingia kama treni kwenye reli, lakini kila jiwe unalisikia kwenye meno. Ukilegeza sana, unakaa kama uko kwenye kochi la Bwana Shauri, ila uingie kona na mwendo, matako ya gari yanataka kukutangulia mbele. Kazi ya fundi ni kutafuta pale katikati. Lakini mzee hataki katikati. Mzee anataka mwendo."

"Za nyuma sasa zimelegezwa mpaka mwisho."

Didas akaacha kujipanga tai. "Na nani?"

"Nakuuliza wewe."

"Nyuma peke yake? Mpaka mwisho?" Uso wake ukawa wa mtu aliyetukanwa. "Mimi siwezi kufanya upuuzi huo. Gari ya namna hiyo ukiikimbiza inakuua. Mbele ngumu, nyuma inaogelea. Aliyefanya hivyo hakutaka kukimbia."

"Kisu kimetumika."

"Basi ndiyo kabisa siyo mimi. Nina bisibisi kumi na moja." Akanyoosha kidole ukutani zilikoning'inizwa, na Koplo Eliezeri, maskini, akaanza kuzihesabu.

Asukile alirudi kwa Kalinga kwa mlango wa uani. Apolonia, mke wa Kalinga, alikuwa ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi, tumbo lake limeshatangulia mbele. Alikuwa mdogo kwa mumewe kwa miaka mingi, mwenye uso mtulivu wa watu waliolelewa misheni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Bwana Sajini. Karibu kigoda."

Asukile akaketi, akachukua gunzi, akaanza naye kupukuchua. Aliuliza habari za ujauzito, akaambiwa unaendelea kwa neema ya Mungu. Aliuliza kama safari za gari hazimsumbui.

"Gari?" Apolonia akacheka. "Mimi na lile gari hatupatani. Nikikaa nyuma natapika kabla hatujafika Tanangozi. Nikisafiri nalo, mzee hunipisha kiti cha mbele, yeye anakaa nyuma ananung'unika."

"Kwa hiyo nyuma hukai kabisa?"

"Hata kwa dawa. Na tangu Pasaka sijalipanda."

Gunzi likamalizika mkononi mwa Asukile. Akaliweka chini taratibu pamoja na mengine. Apolonia akamtazama, kisha akautazama mlango wa nyumba, na mikono yake ikasimama.

"Nimesema kitu kibaya?"

"Umesema kweli, mama. Asante."

Barazani Kalinga alikuwa bado amekaa palepale. Asukile alimwambia kwa sauti ya chini, ili mama asisikie. Alimwambia kwamba skrubu zilizungushwa Usangu, kwenye tope jeusi, kwa kisu, na mtu aliyekuwa na haraka. Kwamba mtu halegezi nyuma kwa ajili ya kiti kitupu. Kwamba kule Burma nao walikuwa wanapunguza upepo wa tairi, gari liwe laini, walipopakia watu waliovunjika mifupa. Na kwamba huko Mbeya kuna maiti yenye mguu uliofungwa kwa tyubu.

"Ulimbeba nani nyuma, mzee?"

Kalinga alichukua kofia yake gotini, akaigeuza, akaigeuza tena. Alipozungumza hakumtazama mtu.

"Yohane ndiye aliyekuwa anaendesha," alisema. "Dereva wangu. Mimi nilikuwa nimesinzia. Yeye ndiye aliyemgonga, yeye ndiye aliyembeba, yeye ndiye aliyemshusha. Mimi nilimwonea huruma, ana watoto, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu."

"Yuko wapi?"

"Nimemtuma Ruaha Mbuyuni, kupakia vitunguu."

"Lini umemtuma?"

"Jana," alisema Kalinga. "Niliposikia kuna askari wa Mbeya yuko njiani."

Kabla ya kuondoka Iringa, Asukile alipiga simu Mbeya. Bwana Inspekta, Mwingereza aliyekizungumza Kiswahili kama mtu anayehesabu mawe, alikuwa na habari mpya. Daktari amemaliza kuipasua maiti.

"Mguu hapana kuua," sauti ilisema kupitia mkwaruzo wa waya. "Damu ndani ya tumbo. Kidogo kidogo. Daktari nasema huyu mtu likaa hai muda mrefu sana baada ya kugongwa. Kama yeye napata upesi, nakata, nashona, pengine napona. Wewe nasikia, Sajini? Wao naua yeye kwa kuchelewa."

"Nasikia, bwana."

Akarudisha simu. Koplo Eliezeri aliuliza kuna nini.

"Alikuwa hai," alisema Asukile. "Walikaa naye muda wote huo, akiwa hai. Mbulushi wa Chimala alisema walikuwa wanatembea kama msiba." Akavaa kofia. "Watu wenye gari la kukimbia, wana majeruhi nyuma, wanakwenda polepole. Kwa nini mtu afanye hivyo, Koplo?"

"Labda walitaka afe, afande. Maiti haitoi ushahidi."

Hilo ndilo hata Asukile alilokuwa amelifikiria.

Waliteremka Kitonga kwenye lendirova ya polisi, baridi ya Iringa ikiachwa juu, joto likipanda kuwalaki kama pumzi ya tanuri. Ruaha Mbuyuni vitunguu vilikuwa vimemwagwa juu ya majamvi kandokando ya barabara, vyekundu hadi jicho linachoka. Lori la Kalinga lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa majaruba, nusu limepakiwa. Juu ya shehena alisimama mtu mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, anapokea magunia.

Alipoiona lendirova hakukimbia. Aliweka gunia alilokuwa ameshika, akalinyoosha likae vizuri na wenzake, akashuka.

"Wewe ndiye Yohane?"

"Ndiye mimi, afande." Alikuwa Mbena wa upande wa Njombe, umri wa thelathini na kitu, macho mekundu ya mtu asiyelala. "Nilijua mtakuja. Nilikuwa najiuliza tu mbona mnachelewa."

Walikaa kwenye kivuli cha lori. Asukile alimsomea haki yake, kwamba halazimishwi kusema lolote na kwamba atakalolisema litaandikwa. Kisha akaomba aonyeshwe kisu chake. Yohane alikitoa mfukoni. Ncha ilikuwa imepinda.

"Mzee Kalinga amesema wewe ndiye uliyemgonga."

Yohane alitikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira. "Makambako tulisimama, mzee akanywa pombe ya ulanzi. Akanywa tena. Akasema leo gari nimetoka kuikaza kwa fundi, nataka kuisikia mwenyewe. Nikampisha usukani. Ningefanyaje, gari yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Chini ya Igawa yule baba alikuwa anatembea kandokando na gunia lake la mchele kichwani. Afande, gari ilishika barabara vizuri kabisa. Mzee ndiye hakuishika."

"Endelea."

"Alipigwa hapa," akagusa nyonga, akashusha mkono hadi tumboni. "Mzee alipoteza akili. Alikuwa anazunguka gari anasema Mama Maria, Mama Maria. Mimi nikakata fito, nikachana tyubu ya akiba, nikamfunga mguu. Tukamlaza kiti cha nyuma, na mimi nikashika usukani, twende Mbeya hospitali."

"Na hapo?"

"Barabara ile unaijua, afande, ina matuta kama bati. Na gari ilikuwa ngumu. Kila tuta alikuwa analia. Siyo kilio cha kawaida. Sikuweza. Nikasimamisha, nikaingia chini kwenye tope, nikalegeza za nyuma kwa kisu. Zikawa laini kabisa. Lakini laini hivyo huwezi kukimbia, kona za Chimala zingetumwaga. Basi nikaenda polepole."

Asukile aliacha kuandika. "Mzee alisema nini?"

"Alinigombeza njia nzima. Kimbiza, atatufia humu! Anapiga dashibodi. Akasema kaza hizo skrubu tena, kimbiza, avumilie maumivu, mtu hafi kwa maumivu. Alikuwa anaogopa kufungwa, siyo kwamba anamwonea huruma. Nilijua hivyo, ndiyo maana sikumsikiliza. Na yule baba mwenyewe alikuwa ananiomba. Polepole, mwanangu. Polepole."

Wapakiaji wa vitunguu walikuwa wameacha kazi, wamesimama mbali wakitazama. Koplo Eliezeri akawapungia mkono waondoke.

"Baada ya Chimala akanyamaza," Yohane aliendelea. "Nikatazama nyuma, amefumba macho, uso umelegea. Nikamwambia mzee, unaona? Amelala. Maumivu yamepungua. Nilifurahi, afande. Nilikwenda polepole zaidi ili asiamke. Kufika Inyala namshika mkono, umepoa. Mzee akalia kama mtoto. Kisha akafuta machozi, akasema tumweke hapa, watu wake watamwona. Nikamwambia huyu hana watu huku, huyu ni wa bondeni. Akasema nani atamwamini dereva. Nikamlaza vizuri nilivyoweza. Hilo la kumwacha ni langu, siwezi kumsukumia mtu."

Asukile alitazama karatasi. Yote yalikuwa yameingia mahali pake: ngumi za Kalinga kwenye dashibodi, mwendo wa msiba, mguu uliofungwa. Hakuna aliyetaka mtu afe. Kesi ilikuwa imekwisha, na angeweza kumwekea Yohane karatasi atie sahihi, wapande lendirova, waondoke.

Lakini kulikuwa na mahakama mbele yao. Daktari angesimama na kusema kwa Kiingereza, karani angetafsiri kwa sauti ya kusoma bei za mnadani, na mtu huyu angekuwa amesimama kizimbani peke yake.

"Yohane," alisema. "Kuna jambo utalisikia mahakamani. Ni afadhali ulisikie kwangu, hapa, kwa Kiswahili."

"Sema, afande."

"Mguu haukumuua. Alikuwa anavuja damu tumboni. Daktari anasema kama angefika mapema, angemkata, angemshona. Huenda angepona."

Yohane hakuelewa mara moja. Alimtazama Sajini, akamtazama Koplo, akautazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaelewa.

"Kama ningekimbiza," alisema.

"Huenda."

"Aliponyamaza..."

"Ndiyo damu ilikuwa inakwisha. Hakuwa amelala."

Yohane akainama, paji la uso likagusa magoti. Koplo Eliezeri alimtazama Asukile kwa jicho la lawama, kana kwamba amemwona anampiga mtu aliyefungwa pingu. Asukile akavumilia jicho lile. Naye alikuwa amewahi kubeba watu wanaolia, kwenye barabara mbaya kuliko ile, na alikwenda polepole. Huko Burma hakuna daktari aliyewahi kuja kumwambia ni mwendo gani uliokuwa sahihi.

"Aliniomba polepole," alisema Yohane bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Mzee ndiye alisema kweli, basi."

"Mzee alikuwa anajiogopea yeye."

"Hata hivyo alisema kweli." Yohane akainuka, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kichwani. "Andika, afande. Andika kwamba mzee aliniambia nikimbize, na mimi nikakataa."

"Nimeandika uliyoyasema. Lakini fikiri vizuri. Hilo la kukataa linampa yeye nguvu, na wewe linakuumiza. Mwenzako amesema wewe ndiye uliyemgonga. Wakili wake atalishika neno hili kwa mikono miwili."

"Alipodanganya, andika kadanganya. Aliposema kweli, andika kasema kweli. Mke wa marehemu yupo?"

"Yupo. Anaitwa Tupokigwe."

"Basi yeye ndiye namwandikia. Mimi sitaki asikie nusu."

Asukile akaandika. Alipomaliza alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, neno kwa neno: Makambako, ulanzi, gunia la mchele, fito, kisu, skrubu, kelele za mzee, kona za Chimala, Inyala. Yohane alisikiliza ameinamisha kichwa, akiitikia kila baada ya sentensi kama mtu anayepokea sala.

Mwishoni Asukile akampa kalamu. Yohane aliishika, lakini hakuandika.

"Umeacha neno," alisema.

"Neno gani?"

"Pale aliponyamaza. Umeandika nilidhani amelala. Ni kweli, nilidhani. Lakini nilikwambia nilifurahi."

"Hilo halina kazi mahakamani, Yohane."

"Liandike."

Asukile aliitazama karatasi, akamtazama yule mtu mwembamba aliyekuwa ameshika kalamu ya serikali kwa vidole vilivyonuka vitunguu. Akaichukua kalamu. Juu ya mstari, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa finyu, akaongeza: *nikafurahi*. Kisha akamrudishia.

Yohane akalisoma neno lile kwa kidole, herufi moja moja, akahakikisha lipo. Ndipo akatia sahihi.